Keki, Kompyuta na Mshahara Wako

Leo tuzungumze mshahara. Si kiwango chake, hilo tutalia siku nyingine. Tuzungumzie namna unavyokokotolewa.

Kampuni ya wastani, yenye watu kama 200 au 300, hufika siku ikachoka kupiga hesabu za mishahara kwenye Excel. Wanaitwa wauzaji watatu wa programu za utumishi na mishahara. Kila mmoja anakuja na laptop na projekta, michoro inacheza ukutani, rangi tele. Bosi anauliza bei. Mhasibu, ambaye ndiye anayejua kwamba walinzi wa usiku wanalipwa tofauti na wale wa mchana, hakuna anayemuuliza kitu. Mkataba unasainiwa.

Wa kwanza kutumia kompyuta kwa kazi za biashara hawakufanya hivyo, na cha ajabu walikuwa wauza chai. J. Lyons ilikuwa kampuni ya London yenye viwanda vya mikate na keki, na migahawa ya chai iliyojulikana Uingereza nzima. Mwaka 1947 iliwatuma mameneja wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, Marekani kutazama wenzao wanaendeshaje ofisi. Huko Princeton wakakutana na Herman Goldstine, mmoja wa watu waliohusika na kompyuta za mwanzo kabisa. Akawaambia kwamba kwao, Cambridge, yuko Maurice Wilkes anajenga mashine ya namna hiyo. Kuvuka bahari kwenda kuambiwa habari za jirani yako! Lyons wakawachangia Cambridge pauni 3,000, kisha wakajenga mashine yao wenyewe. Ilijaa chumba kizima, ikiwa na vali karibu 6,000, na waliiita LEO. Ndiyo, ni bahati tu kwamba kwa Kiswahili jina hilo linasomeka vizuri.

Sasa tazama mpangilio wa kazi. Novemba 1951 LEO ilianza kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka kiwandani. Mishahara haikukabidhiwa hadi 1954. Sababu mojawapo ilikuwa ufundi: vifaa vya kuingizia na kutolea taarifa viliwasumbua sana. Ila kulikuwa na sababu nyingine ninayoipenda zaidi. Keki ikikosewa hesabu, hailalamiki. Mfanyakazi asipolipwa Ijumaa, Jumamosi watoto wake hawali. David Caminer, aliyesimamia upande wa mifumo, alikuwa mtu wa kukagua mpaka watu wanamchukia. Mashine ikawa inapiga hesabu za mishahara sambamba na makarani, matokeo yanalinganishwa, mpaka ilipoaminika.

Na hesabu yenyewe haikuwa nyepesi. Uingereza ilianzisha PAYE mwaka 1944 (jina hilo hilo unalolikuta kwenye karatasi ya mshahara Dar na Nairobi), na kwa utaratibu wao kodi ya kila wiki ilitegemea ulichopata tangu mwaka wa kodi uanze. Ongeza ovataimu, bima, makato madogo madogo. Karani mzoefu alitumia kama dakika 8 kwa mtu mmoja. LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Muda si mrefu ikaanza kukokotoa pia mishahara ya wafanyakazi wa Ford kule Dagenham.

Ruka sasa miaka 56 mbele. Idara ya afya ya jimbo la Queensland, Australia, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 78,000: wauguzi wa zamu, madaktari, wapishi. Kanuni zao za malipo, ukizichanganya posho na mikataba ya vyama vya wafanyakazi, zilizaa michanganyiko zaidi ya 24,000. Machi 2010 mfumo mpya ukawashwa. Jaribio kamili la kuwalipa watu wote kwa mifumo miwili bega kwa bega halikufanyika. Matokeo yake baadhi ya wauguzi hawakupata kitu, wengine wakapata pungufu, wengine wakazidishiwa na baadaye wakadaiwa. Tume ya Richard Chesterman mwaka 2013 iliilaumu serikali na pia IBM iliyopewa kazi hiyo. Gharama zote zilikadiriwa kufika dola za Australia bilioni 1.2.

Ungedhani dunia imesikia. Mwaka 2016 serikali ya Canada ikawasha mfumo wake, Phoenix, kwa watumishi karibu 290,000. Ripoti ya mkaguzi mkuu ya mwaka 2018 ilieleza kwamba ili kubana gharama na muda, wasimamizi waliondoa zaidi ya kazi 100 kati ya 984 ambazo mfumo ulipaswa kuzifanya, na wakafuta jaribio la kuanzia na idara moja. Wakati huo huo washauri wa mishahara waliozijua kanuni kwa kichwa walikuwa wameshapunguzwa. Hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Mliwafukuza waliokuwa wanaujua mlango, halafu mkapotea ndani ya nyumba.

Kwa hiyo kama kampuni yako inachagua programu, maonyesho ya projekta yaache kwanza. Chukua miezi mitatu iliyopita, hasa ile iliyokuwa na vurugu: mtu aliyeajiriwa tarehe 17, mama aliyekuwa likizo ya uzazi, aliyekopa mshahara kabla ya mwezi kuisha, aliyefariki katikati ya mwezi, aliyelipwa malimbikizo. Mwambie muuzaji azipige hesabu hizo, kisha mhasibu alinganishe senti kwa senti.

Muulize pia sheria ikibadilika nani anarekebisha, kwa siku ngapi, na kwa bei gani. Tazama Kenya. Julai 2023 waajiri walianza kukata tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Novemba Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuiachia iendelee, makato yakasimama. Machi sheria mpya ikapita, yakarudi. Oktoba mwaka huo huo NHIF ikaondoka, ikaingia SHIF kwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Programu inayosubiri fundi kutoka ng'ambo ingekuwa imepitwa mara nne ndani ya miezi kumi na tano.

La mwisho ni nani anaruhusiwa kuongeza jina kwenye orodha ya mishahara, na nani mwingine anaona ameliongeza. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000. Majina hayo hayakuwa kwenye daftari lililoliwa na mchwa. Yalikuwa ndani ya kompyuta, na kila mwezi kompyuta iliyalipa bila kuuliza, kwa sababu kuna binadamu aliyeyaingiza na hakuna binadamu mwingine aliyeambiwa akague.