Adabu za Majadiliano ya Kitaaluma Mtandaoni kati ya Watu wa Mataifa Mbalimbali

Kundi la majadiliano ya kitaaluma ni mkusanyiko wa watu wa kazi moja, kama vile wauguzi, wafamasia, walimu, wahandisi au wakutubi, wanaoulizana na kujibizana kwa maandishi kupitia intaneti pasipo kuonana ana kwa ana. Barua moja inayotumwa kwa anwani ya kundi humfikia kila mwanachama, awe Songea, Bukavu, Manila au London. Muuguzi wa zahanati iliyo mbali na hospitali ya rufaa aweza kwa njia hiyo kuuliza swali asubuhi, na kabla ya jioni akajibiwa na mtu aliyelichunguza jambo hilohilo kwa miaka mingi. Aweza pia, kwa sentensi moja iliyoandikwa kwa haraka, kuanika siri ya mgonjwa mbele ya maelfu ya watu. Kwa sababu hiyo adabu za makundi hayo zahesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Mwongozo unaotajwa mara nyingi katika jambo hili ulitolewa Oktoba 1995 kwa jina la RFC 1855. Uliandikwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, chini ya IETF, yaani jumuiya ya wahandisi wanaoweka kanuni za intaneti. Baadhi ya maagizo yake yamezeeka, kama lile la kutozidisha herufi 65 katika mstari mmoja. Mengi, hata hivyo, yangali hai: kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga kelele, kwamba jibu la hasira lilale usiku mmoja kabla ya kutumwa, kwamba barua ya faragha isisambazwe bila idhini ya aliyeiandika. Mgeni naye anashauriwa asome mazungumzo ya kundi kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika lolote, apate kujua desturi za wenyeji wake.

Ushauri huo wa mwisho wahitaji nyongeza. Mwaka 2006 mtafiti Jakob Nielsen alieleza kwamba katika makundi mengi ya mtandaoni takriban watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye aandikaye sehemu kubwa. Wengi wetu hubaki miongoni mwa wale 90 kwa miaka, na sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni hofu ya Kiingereza. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mbrazili na Mfilipino nao wanaazima lugha hiyo, na sentensi fupi yenye makosa mawili ya sarufi humsaidia msomaji kuliko ukurasa mzima wa maneno makubwa. Anayefanya kazi penye dawa chache na umeme wa kukatikakatika anajua mambo ambayo bingwa wa mji mkubwa hayajui, na akinyamaza kundi zima linapungukiwa.

Mwongozo wa 1995 ulitahadharisha pia kwamba tarehe, vipimo na nahau vyaweza kupotoka vikivuka mipaka. Hapa Waswahili tunayo hatari ya pekee. Sisi husema saa tatu asubuhi, na baadhi yetu, tukitafsiri harakaharaka, huandika saa 3 kwa Kiingereza, na mwenzetu wa Ulaya akangojea saa tisa. Afadhali kuandika 09:00 na kutaja kwamba ni saa za Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa za dunia, UTC. Tarehe 03/04 kwetu ni 3 Aprili; kwa Mmarekani ni 4 Machi. Dawa yake ni kuandika jina la mwezi.

Namba ni hatari zaidi. Aliyesoma kwa Kifaransa, Lubumbashi au Bujumbura, huandika 2,5 akimaanisha mbili na nusu. Aliyesoma Dar es Salaam akiandika 1,500 anamaanisha elfu moja na mia tano, lakini yule wa kwanza aweza kuisoma kuwa moja na nusu. Katika kipimo cha dawa, kosa hilo ni la mara elfu moja. Sukari katika damu nayo hupimwa kwa milimoli kwa lita nchini Uingereza, na kwa miligramu kwa desilita nchini Marekani, 5.5 ya kwanza ni takriban 99 ya pili. Namba isiyotajiwa kipimo chake haina faida kwa msomaji, na mara nyingine ina madhara.

Kuhusu maamkizi, desturi zinagongana. Kwetu kuingia kwenye shida pasipo kujuliana hali ni utovu wa adabu. Kwa Mjerumani au Mmarekani aya nzima ya salamu ni kumchelewesha. Salamu ya mstari mmoja hutosha. Vivyo hivyo, jibu fupi lisilo na salamu lisichukuliwe kuwa dharau. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, anataka tuwe tayari zaidi kuipokea kauli ya mwenzetu kwa maana njema kuliko kuilaani, na tusipoielewa tumwulize anamaanisha nini. Kejeli iachwe kabisa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijulikana kwa miaka mingi kwa barua zake kali kwa wahandisi wenzake. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo.

Swali jema lina kichwa kinachotaja jambo lenyewe, si neno “Msaada” tu, na hueleza yale ambayo mwulizaji amekwisha kuyajaribu. Viambatisho vizito viepukwe, maana wapo wanaosoma kwa kifurushi cha siku. Shukrani zipelekwe kwa aliyejibu. Matokeo yaandikwe kwa kundi zima, jambo ambalo wengi hulisahau, ingawa ndilo linalowafaa watakaouliza swali hilohilo mwakani.

Limebaki suala la siri. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili huzipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Kufuta jina hakutoshi. Mama wa miaka 34 aliyejifungua mapacha watatu katika kituo cha kijiji kilichotajwa anajulikana na kata nzima. Umri wa kukadiria watosha, mahali pasitajwe, na picha isitumwe pasipo ridhaa ya mgonjwa. Walimu nao wakumbuke hayo wanapoeleza habari za wanafunzi. Barua ikishatumwa kimakosa, aliyeituma amwandikie msimamizi papo hapo ili iondolewe kwenye hifadhi ya kundi, na amjulishe mkuu wake wa kazi. Nakala zilizokwisha kufika kwa wanachama haziwezi kurudishwa, bali wanaweza kuombwa wazifute.