Jedwali la nywila lilikotoka

Leo tuweke misimbo kando kidogo, tuzungumze historia. Ukiandaa mfumo wa wavuti uende kwenye seva, kuna jedwali moja la kukagua mara mbili: lile la watumiaji na nywila zao. Liko wapi? Nani anaweza kulisoma? Na ndani ya safu ya nywila kumeandikwa nini hasa?

Tuanzie MIT kule Marekani. Mwaka wa 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia tarakilishi moja kwa wakati mmoja. Kila mtu alikuwa na faili zake na mgao wake wa saa, basi kila mtu akapewa nywila. Zote zilikaa kwenye faili moja, wazi kabisa. Allan Scherr, mwanafunzi aliyeona saa zake nne kwa wiki hazimtoshi, alisimulia baadaye kwamba mwaka wa 1962 aliwasilisha kadi ya kuomba faili hiyo ichapishwe. Ikachapishwa! Akaanza kutumia saa za wenzake. Hakuvunja mlango, jamani, aliomba tu. Miaka michache baadaye faili hiyo hiyo ilibadilishana nafasi na ujumbe wa siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za wote.

Wazo lililotuokoa lilitoka Cambridge, Uingereza, kwa Roger Needham: usihifadhi nywila, hifadhi matokeo ya hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Mtu akiingia, piga hesabu ile ile ulinganishe. Unix ikalichukua. Mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson waliandika kwamba kati ya nywila 3,289 walizokusanya, asilimia 86 zilikuwa rahisi kupatikana. Dawa yao ilikuwa kurudia hesabu mara 25 ili mwizi acheleweshwe, na kutia "chumvi" ya biti 12 ili wawili wenye nywila moja wasifanane ndani ya faili. Ninachowapendea ni kwamba faili yao, /etc/passwd, ilikuwa ikisomwa na kila mtumiaji. Walipanga wakijua itasomwa.

Ruka hadi 2005, Microsoft ilipotoa ASP.NET 2.0. Ukiwa kwenye tarakilishi yako, faili ASPNETDB.MDF ilijiunda yenyewe ndani ya App_Data. Raha tupu! Siku ya kupeleka kazi kwenye seva ndipo jasho lilipotoka: uendeshe aspnet_regsql ili majedwali yaundwe kwenye SQL Server, ubadilishe LocalSqlServer ndani ya web.config, na uandike applicationName, la sivyo watumiaji wamo ndani ya jedwali lakini mfumo unasema hauwajui.

Katikati ya pilikapilika hizo, ni wachache walioitazama safu ya PasswordFormat. 0 ni nywila wazi, 1 ni heshi, 2 ni nywila iliyofichwa kwa ufunguo. Isipoguswa ilikuwa 1, pamoja na chumvi, na hapo Microsoft walifanya vyema. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa SHA1, mara moja tu, wakati bcrypt, ambayo gharama yake huongezwa kadiri mashine zinavyopata kasi, ilikuwapo tangu 1999. Wengine hata heshi hawakuwa nayo: mwaka wa 2009 RockYou iliibiwa nywila milioni 32, zote wazi.

Majuzi nimepewa mfumo wa zamani wa chama cha akiba niuhamishe. Nikafungua jedwali: 0, kuanzia juu hadi chini. Sababu? Karani alitaka kuwakumbusha wanachama nywila zao kwa simu. Wengi wao, naapa, hutumia nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe. Na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, kwa hiyo hili si la karani peke yake.

Kuzigeuza zote kuwa bcrypt ni kazi ya usiku mmoja, na mwanachama hatahisi kitu. Karani ataanza kutuma kiungo cha kuweka nywila mpya. Kinachoninyima usingizi ni nakala rudufu: miaka na miaka ya faili za .bak kwenye diski za nje, kila moja na jedwali lile lile, na hakuna anayejua ziko ngapi.