Habari za Wazee Wafundishanao

Kati ya desturi zilizozuka Ulaya katika miaka hii hamsini na zaidi, iko moja ambayo mtu wa kwetu akisimuliwa atasema mara moja kwamba si ngeni. Wazee, wanaume kwa wanawake, hukutana katika ukumbi wa mji au katika sebule ya mmoja wao. Mmoja husimama akazungumza kwa muda mfupi juu ya jambo alipendalo: ufugaji wa nyuki, au saa za kale, au nyota, au majina ya mashamba ya kwao. Kisha huulizwa maswali, naye huketi. Na siku nyingine yule aliyekuwa akisikiliza ndiye asemaye. Hapana mtihani, wala cheti, wala mshahara. Desturi hii ina historia yake, wala haikukosa mashindano, kwa hiyo twaona yafaa kuieleza.

Mwanzo wake hutajwa kuwa mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, katika mwaka wa 1973. Mwalimu mmoja wa sheria za mataifa katika chuo kikuu cha mji ule, jina lake Pierre Vellas, aliwafungulia milango watu waliokwisha kustaafu. Aliyetaka kuingia hakuulizwa amesoma wapi. Alijaza karatasi nyepesi na kutoa ada ndogo, basi. Jambo hili halikutoka hewani. Baada ya machafuko ya wanafunzi ya mwaka wa 1968 Wafaransa walizigeuza sheria za vyuo vyao, na sheria ya mwaka wa 1971 iliwataka watu wa kazi wapewe nafasi ya kusoma hata katika utu uzima. Vellas aliuliza: na wale waliotoka kazini je? Chuo chake akakiita Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Mfano ule ulienea upesi. Kufika mwaka wa 1975 ulikuwa umeingia nchi nyingine za Ulaya. Katika Warsaw, mji mkuu wa Poland, ulianzishwa mwaka uo huo na daktari mwanamke, Halina Szwarc.

Lakini tuangalie vema jinsi kazi ilivyogawanywa katika Toulouse. Maprofesa walifundisha, wazee wakasikiliza. Tena mambo ya afya ya wazee yalichunguzwa pale pale, hata mzee akawa mwanafunzi na papo hapo akawa kitu cha kuchunguzwa. Hatusemi kwamba ni vibaya. Wengi walifaidika kwa mafunzo na kwa mazoezi ya viungo. Ila neno lilibaki kinywani mwa mwenye kiti cha chuo, na mzee aliyekuwa fundi seremala miaka arobaini hakuulizwa habari za mbao.

Waingereza walipoichukua desturi hii waliigeuza. Watu watatu hutajwa: Peter Laslett, mwanahistoria wa Cambridge; Michael Young, aliyekuwa mmoja wa walioshauri habari ya chuo kile cha kufundisha watu majumbani mwao, kilichoanzishwa mwaka wa 1969; na Eric Midwinter, aliyekuwa akiongoza taasisi ya kushughulikia mambo ya wazee. Katika mwaka wa 1981 Laslett aliandika kanuni za chuo kipya, na katika mwaka wa 1982 watu walikusanyika Cambridge kuijaribu. Kanuni iliyo moyo wake ni hii: afundishaye ndiye ajifunzaye, naye ajifunzaye ndiye afundishaye. Hawakuomba majengo wala maprofesa. Walisema wazee wenyewe wanazo elimu za kila namna, walizozipata shuleni, viwandani, baharini, jikoni, basi wapeane.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza, wala si madogo. Wako waliosema kwamba jina la chuo kikuu halistahili mahali pasipo na shahada. Walijibiwa kwa historia. Neno la Kilatini ambalo Wazungu walilipata jina la chuo kikuu, maana yake ya kwanza haikuwa jengo wala cheti. Ilikuwa ni shirika la watu, kama vile shirika la mafundi. Katika mji wa Bologna zamani wanafunzi ndio waliofanya shirika lile, na maprofesa wakawa watu wa kuajiriwa nao. Jibu hilo ni la haki, na twaona wasomi wale walijua vema walichokuwa wakisema.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Miaka ile serikali ya Uingereza ilikuwa ikipunguza gharama zake, na watu waliuliza: je, kusema kwamba wazee wajifundishe wenyewe, si kuipa serikali udhuru wa kutowapa kitu? Tena imeonekana kwamba wanachama wengi ni wanawake, na wengi ni watu waliokuwa na kazi nzuri na pensheni ya kutosha. Mfagiaji wa barabara haonekani sana. Lawama hii haijajibiwa kwa ukamilifu mpaka leo. Hata hivyo desturi imekua. Iliingia Melbourne katika Australia mwaka wa 1984, na Cape Town mwaka wa 2000. Na katika Uingereza kabla ya mwaka wa 2020 wanachama walikuwa wamezidi 400,000, katika vyama zaidi ya 1,000.

Haki yataka tuseme pia kwamba Waingereza hawakuwa wa kwanza kuwaza hivi. Katika New York, mwaka wa 1962, walimu wastaafu walikwisha kuanza kufundishana katika chuo kiitwacho New School. Na nyuma zaidi, mwaka wa 1727, Benjamin Franklin alikusanya marafiki zake katika Philadelphia, na kila mmoja alipaswa mara moja katika miezi mitatu kusoma mbele ya wenzake insha yake mwenyewe. Lakini wale walikuwa vijana wenye kutafuta maisha, na Franklin mwenyewe hakuwa amepita miaka 21 au 22. Mzee hatafuti maisha. Asemapo habari za nyuki wake hatazamii kupandishwa cheo. Ndiyo maana husemwa na wengi kwamba shida kubwa ya mikutano hii si kumpata msemaji, ni kumnyamazisha.

Sasa tuigeukie lugha, maana hapa pana jambo la kufikiri. Jambo lile ambalo mtu hulipenda bila kulipwa, tuliiteje? Shauku ni hamu ya kitu ambacho bado hukukipata. Mchezo ni kumdharau mzee. Liko neno uraibu, ambalo katika maneno ya wazee wa pwani lilikuwa kitu cha kuburudisha kinywa, kama tambuu au tumbako. Katika shule za Kenya limechukuliwa kuwa jambo afanyalo mtu wakati wa mapumziko. Lakini kwingine leo lanena habari za mtu aliyefungwa na ulevi au dawa za kulevya. Sisi twapenda maana ya tambuu: kitu kidogo, chenye ladha, ambacho mtu hufungua kijaluba chake na kumkaribisha mwenzake. Kadhalika kusema kwenyewe. Hotuba yatoka mimbarini, na msikilizaji hana nafasi ila kunyamaza. Mazungumzo ni ya watu waliokaa pamoja, na kuzungumza kwa maana yake ya kale ni kustarehe kwa maneno. Wazee wa Cambridge walikataa hotuba wakachagua mazungumzo, ijapokuwa hawakuwa na maneno haya mawili ya kupambanua.

Na huo umri wa tatu? Laslett aliueleza katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1989. Wa kwanza ni wa kulelewa na kufundishwa, wa pili ni wa kazi na kulea, wa tatu ni wa mtu kutimiza nafsi yake, wa nne ni wa udhaifu na mauti. Wamasai nao huhesabu: mvulana, kisha moran, kisha mzee. Hesabu zafanana, lakini maana zimepishana sana. Kwa Mmasai umri wa tatu ndio mwanzo wa kuwa na neno barazani, na huanza mtu angali na nguvu. Kwa Mzungu umri wa tatu ulikuwa ndio mwisho wa kuulizwa neno, hata ikabidi watu waunde chama ili wasikilizwe.

Tusijisifu upesi, lakini. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twajua jinsi tulivyofundishwa kwamba elimu yakaa katika kitabu na kwa mwalimu mwenye chaki. Na wengi wetu tuliporudi nyumbani hatukumwuliza babu habari za miti wala bibi habari za vyungu, maana hazikuwamo katika mtihani. Serikali ya Tanzania iliufanya mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kazi ile ilikuwa kubwa na ya sifa: wasiojua kusoma walikuwa karibu watu 67 katika kila 100 wakati wa hesabu ya watu ya mwaka wa 1967, wakapungua hata wakawa 27 mwaka wa 1977. Wazee waliketi madawatini kujifunza herufi. Je, ni mara ngapi baada ya somo mwalimu kijana aliketi, akamwacha mzee asimame kufundisha alijualo? Twadhani ni mara chache, na pale ilipofanyika ilikuwa kwa busara ya mwalimu mwenyewe.

Habari moja ya Kenya yafaa kutajwa hapa. Katika Januari 2004, serikali ilipokwisha kuondoa ada za shule za msingi, mzee mmoja wa Eldoret, Kimani Maruge, aliyesema umri wake ni miaka 84, aliingia darasa la kwanza pamoja na watoto, naye amevaa sare kama wao. Alitaka, alisema, kuhesabu fedha zake na kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Septemba 2005 alipanda ndege mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York kusema mbele ya wakubwa wa mataifa juu ya elimu bila ada. Alikuwa bado mwanafunzi, na siku ile ndiye aliyefundisha. Aliporudi akaketi tena katika dawati lake. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalimtoa nyumbani, akaishi kambini katika hema, wala masomo hakuyaacha. Baadaye alihamia Nairobi akaendelea katika shule nyingine, mpaka alipofariki Agosti 14, 2009.