Historia ya Gari la Kutawanya Samadi

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni historia ya chombo cha shamba, yaani gari la kutawanya samadi. Tutaona jinsi lilivyoanza, jinsi lilivyobadilika, na mambo ambayo mkulima hana budi kuyatazama kabla ya kulichagua.

Samadi ni chakula cha mimea. Lakini chakula kikirundikwa mahali pamoja, wachache huvimbiwa na wengine hulala njaa. Tena samadi iliyozidi huchukuliwa na mvua mpaka mtoni, ikachafua maji. Kwa hiyo kuipata samadi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuigawa sawasawa.

Katika karne ya 19, wakulima wa Marekani waliipeleka samadi shambani kwa gari la farasi. Waliishusha mafungu mafungu, kisha wakaitawanya kwa uma. Kazi hiyo ilichosha sana. Katika miaka ya 1870, Bwana Joseph Kemp wa Kanada alitengeneza gari lenye sakafu iliyojongea. Magurudumu yalipozunguka, sakafu iliisogeza samadi nyuma, na mti wenye meno ukaichanachana na kuiangusha. Lakini samadi ilianguka katika ukanda mwembamba, upana wa gari tu. Mtu alihitajiwa bado kuisambaza kwa mkono.

Katika kijiji cha Maria Stein, jimbo la Ohio, alikuwako mwalimu wa shule, Bwana Joseph Oppenheim. Aliona kwamba wavulana wakubwa walikosa masomo kwa sababu ya kazi ya samadi nyumbani. Wengi kati yenu mnayajua mambo hayo: jembe lilikuwa likiwaita wakati kengele ya shule inalia. Mwalimu huyu aliitazama kazi yenyewe, akatafuta njia ya kuipunguza.

Mwaka 1899 alibuni mabapa ya chuma yaliyofungwa kwenye mhimili nyuma ya gari. Yalipozunguka, yaliirusha samadi kushoto na kulia, ikaenea mbali kupita upana wa gari. Inasimuliwa kwamba alilipata wazo hilo katika mchezo wa mpira wa wanafunzi: kibao kikiinamishwa, mpira huenda upande. Alifariki mwaka 1901, lakini jamaa zake waliiendeleza kazi. Gari hilo likaitwa New Idea, maana yake Wazo Jipya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafugaji wengi wa Ulaya waliweka ng'ombe kwenye sakafu ya saruji. Mavi, mkojo na maji vikachanganyika, vikawa kama uji. Uji haurushwi kwa mabapa, kwa hiyo lilitumika tangi lenye bomba. Samadi ilitoka kwa nguvu, ikagonga bamba, ikaruka hewani. Ilienea mbali, lakini upepo uliipeleka upande. Isitoshe, sehemu ya nitrojeni, ambayo ndiyo nguvu ya samadi, ilipotea hewani kwa jina la amonia, ile hewa yenye harufu kali.

Ndipo ikaundwa mipira mingi inayoning'inia kwenye mtambo mrefu, ikiilaza samadi chini karibu na udongo. Huko Uholanzi, tangu miaka ya 1990, sheria imewataka wakulima watumie njia za namna hiyo.

Historia hii inatufundisha kwamba kutupa mbali si sawa na kugawa vizuri. Basi mkulima anayechagua chombo aulize: Samadi yangu ni kavu au ya maji? Je, tangi likijaa halitaukandamiza udongo wangu wenye unyevu? Je, linagawa sawasawa? Hili la mwisho hupimwa kwa urahisi. Panga sinia za ukubwa mmoja kwa mstari, kukata njia ya gari. Gari likipita, pima kila sinia. Zile za pembeni zikiwa na kidogo, safari ya pili ipite karibu, ili kingo zipandane.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Gari la Bwana Kemp lilikuwa na upungufu gani?
2. Kwa nini Mwalimu Oppenheim alishughulikia samadi?
3. Kwa nini ni afadhali kuilaza samadi ya maji karibu na udongo?