Hata Marehemu Walibadilishwa Majina

Mimi nimepewa jina la nyanya yangu, mamake baba. Alipofariki, watu wa kwetu walisema hajaenda popote, si huyu hapa? Kwa hivyo niliposoma kuhusu nchi ambako serikali iliwabadilisha majina hata waliokwisha zikwa, sikulala mapema.

Mahali penyewe ni Momchilgrad, manispaa ya kusini mwa Bulgaria. Iko kwenye milima ya Rhodope Mashariki, kama kilomita 15 kusini mwa mji wa Kardzhali. Ni vilima, vijiji vidogo, mashamba ya tumbaku na barabara inayoelekea Ugiriki. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao 16,000, wengi wao Waturuki Waislamu. Wao si wageni. Mababu zao waliishi hapo tangu enzi za Milki ya Osmani, iliyopoteza eneo hilo katika Vita vya Balkani vya 1912 na 1913.

Zamani mji huo uliitwa Mestanlı. Mwaka 1934 serikali ya Bulgaria ikaupa jina la Momchil, mtawala wa milima hiyo aliyeuawa vitani 1345. Sawa, mji hauna masikio. Lakini mtu je?

Desemba 1984 zamu ikawa ya watu. Utawala wa Kikomunisti wa Todor Zhivkov ulidai ati Bulgaria haina Waturuki, ni Wabulgaria tu waliosahau asili yao. Polisi na wanajeshi walizingira vijiji, na kila mtu akatakiwa kuchukua jina la Kibulgaria. Bila kitambulisho kipya, hakuna mshahara. Ukiongea Kituruki hadharani, faini. Na kwenye madaftari ya serikali, wazazi na mababu waliokufa nao wakaandikwa majina mapya, ili ukoo mzima usomeke kama wa Kibulgaria.

Watu hawakunyamaza. Tarehe 26 Desemba waliandamana Momchilgrad, wakafyatuliwa risasi. Siku hiyo hiyo huko Mogilyane, kijiji cha manispaa jirani ya Kirkovo, mtoto wa miezi 17 aliyeitwa Türkan aliuawa akiwa na mamake. Leo kijijini kuna chemchemi ya ukumbusho yenye jina lake, lile lile la Kituruki.

Kufikia Agosti 1989, zaidi ya Waturuki 300,000 kutoka pembe zote za Bulgaria walikuwa wamevuka mpaka kuingia Uturuki kwa miezi michache tu. Novemba Zhivkov akaondolewa. Mwaka 1990 sheria ikawaruhusu watu kurudisha majina yao, na 2012 bunge likalaani kampeni nzima.

Ramani bado inasema Momchilgrad. Ila majina ya watu yalirudi, kwa sababu kuna waliokuwa bado wanayakumbuka.

Jana nilimpigia baba simu, nikamwuliza majina yote matatu ya nyanya. Aliyataja polepole. Nikayaandika.