Kula Siku ya Saumu

Watu wengi hudhani kwamba dini ya Kiyahudi, kwa jinsi ilivyojaa miiko ya chakula, haimwonei huruma mgonjwa. Nguruwe haliwi, nyama haichanganywi na maziwa, na siku ya kumi ya mwezi wa Tishri, yaani Siku ya Upatanisho, Myahudi hali wala hanywi kwa muda wa saa 25 hivi. Mimi nina kisukari, na nilipoanza kusoma habari hizi swali langu lilikuwa moja tu: mtu kama mimi, katika dini ile, angefanyaje?

Jibu ni la kale kuliko nilivyotazamia. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200 B.K., yasema mgonjwa alishwe siku hiyo kwa kauli ya wajuzi; wasipokuwapo, alishwe kwa kauli yake mwenyewe mpaka aseme yatosha. Talmudi ikaenda mbele zaidi. Daktari akisema mgonjwa hana haja ya kula, naye mgonjwa akasema anayo, husikilizwa mgonjwa. Mgonjwa akikataa na daktari akasema ale, husikilizwa daktari. Itazame mizani hiyo, msomaji: haikukaa sawa, wala haikukusudiwa ikae sawa. Sauti isemayo "kula" ndiyo ishindayo.

Mishna hiyo hiyo yamtaja mtu aliyeshikwa ghafla na njaa ya hatari. Huyo hulishwa hata kilicho haramu, mpaka macho yake yang'ae. Nao marabi wakaongeza kwamba asali na vitu vitamu ndivyo virudishavyo nuru ya macho. Sidai kwamba walikuwa wakizungumzia kisukari. Lakini yeyote aliyewahi kushukiwa na sukari, akatokwa jasho na macho yakaingia ukungu, kisha akapewa kijiko cha asali, hahitaji kufafanuliwa.

Insulini ilipogunduliwa huko Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kudungwa Januari 1922, ilileta uhai na pia maswali. Aliyejidunga asipokula huweza kuanguka na kuzimia. Tena dawa yenyewe ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Hili la nguruwe halikuwasumbua sana marabi: kilichokatazwa ni kula, na sindano si kula, hata kama ingekuwa kula, kuokoa uhai hutangulia. Tangu mwaka 1982 imekuwapo insulini inayotengenezwa kwa bakteria, isiyohitaji mnyama.

Kazi ngumu imekuwa kumshawishi mgonjwa mwenyewe. Ndugu zetu Waislamu wanayajua haya: Kurani imemruhusu mgonjwa asifunge, alipe siku nyingine, na bado wapo wazee wanaofunga kwa siri wasiwaambie madaktari wao. Kwa Wayahudi husimuliwa habari za Rabi Israel Salanter, wakati wa kipindupindu huko Vilna mwaka 1848. Yasemekana aliwaamuru watu wale Siku ya Upatanisho. Wengine husema yeye mwenyewe alisimama mbele ya mkutano katika sinagogi, akala. Masimulizi hayapatani, ila nafahamu kwa nini hilo la pili ndilo lililopendwa zaidi. Tangazo hubandikwa ukutani likasahauliwa. Mwalimu akila mbele yako, huwezi tena kusema hukuelewa.

Ipo pia njia ya katikati, kwa mgonjwa ambaye daktari ameona inamfaa. Hula kidogo chini ya kipimo cha tende kubwa, akasubiri dakika kama tisa, akala tena. Maji nayo hupimwa: siku moja kabla, mtu hujaza maji mdomoni, akayatema katika glasi na kutia alama, kisha siku ya saumu hunywa pungufu ya hapo. Lakini sukari ikishuka, vipimo vyote huwekwa kando na mtu hula mara moja.

Lililonigusa kuliko yote limo katika Shulhan Aruki, kitabu cha sheria cha Yosef Karo kilichochapwa Venice mwaka 1565. Mgonjwa aliyekula mkate siku hiyo, akipata nafuu ya kuomba, atoe shukrani za baada ya chakula kama kawaida, na ndani ya shukrani hizo aitaje Siku ya Upatanisho, kama vile sikukuu nyingine zinavyotajwa mezani.