Wanyika Wasiokaa Nyikani

Ni nadra kumsikia mtu akisema "kwetu ni nyikani" kwa kujisifu. Nyika daima ni ya mwenzio, yule anayekaa mbali na mji na maji. Kamusi huieleza kuwa mbuga pana ya nyasi, vichaka na miti michache, na waliotafsiri Biblia wakamweka Yohana Mbatizaji humo humo. Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara huiona akishapita Mariakani: minazi inakwisha, udongo unageuka mwekundu, migunga na mibuyu inashika zamu. Hiyo ndiyo nyika ya Taru, iliyowakausha koo wapagazi wa misafara na baadaye wajenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896.

Watu wa mjini wakalivua jina hilo ardhini, wakawavika majirani. Mgiriama, Mdigo, Mduruma, Mrabai, wote kwao walikuwa Wanyika. Ndio waliowaletea pembe, sandarusi na nafaka, lakini biashara haikuliondolea jina dharau yake. Wamisionari nao wakalipokea lilivyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844; miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai. Kamusi iliyotokana na kazi yao ilichapishwa mwaka 1887, na lugha ya pale ikaandikwa Kinika. Hata "y" ilidondoka njiani.

Kichekesho ni kwamba Wanyika hao hawakuwa watu wa mbuga. Miji yao, yaani kaya, ilijificha katikati ya msitu mnene, mingi ikiwa juu ya vilima, na kuifikia ni kwa vijia vyembamba vya kupita mmoja mmoja. Ndani yake lilifukiwa fingo, kago la kuilinda. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ingali mikononi mwa wazee wa Kidigo. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na akitoka hatoki na kitu, hata jani.

Katika miaka ya 1940 wenyewe walishika jina la Mijikenda, miji tisa. Itazame hiyo "kenda": ndiyo hesabu yetu ya kale, kabla ya "tisa" ya Kiarabu kuipokonya kiti. Wale walioitwa washamba wamebeba katika jina lao Kibantu ambacho sisi wa mjini tumekiacha kwenye mafumbo na nyimbo za zamani.

Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya misitu ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Imeandikwa kwa jina la Mijikenda. Neno nyika halimo.